Pevingi, majani, miti au udongo wa kufagia? Kupanga uwanja wa nyumba Dar es Salaam

Nyumba imeezekwa, madirisha yameingia, geti limefungwa, na mbele ya baraza pamebaki kifusi, vipande vya tofali na mifuko mitupu ya saruji. Hapo ndipo fundi pevingi anapotokea na kuanza kuupima uwanja mzima kwa hatua zake. Wengi humkubalia palepale, maana wamechoka na ujenzi na wanataka kitu kimoja kitakachomaliza vumbi na matope kwa mpigo. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya yule ambaye bado hajatoa malipo ya awali.

Ukizunguka Goba, Salasala, Kigamboni au Chanika utakuta njia nne. Kuna pevingi ukuta kwa ukuta (vitofali vya saruji vya kutandaza chini; Wakenya wanaziita kabro). Kuna majani ya kukatwa, ukoka au paspalamu. Kuna uwanja wa miti na mboga, wenye kivuli na vumbi kidogo. Na kuna udongo mtupu unaofagiliwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa, ule tuliokulia sisi sote, ambao siku hizi watu wanauonea aibu bila sababu.

Nitatumia kipimo kimoja kwa zote, mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Mwenye kiwanja cha 20 kwa 20 na nyumba ya vyumba vitatu anabakiwa na kama hicho mbele. Bei siweki, kwa kuwa ya Kimara si ya Kigamboni na ya mwaka huu si ya mwakani. Nitaweka vipimo, wewe uzidishe na bei ya fundi wako.

Msimamo wangu niutoe mapema: pevingi ziishie pale tairi na viatu vinapopita, majani yawe machache kadiri ya maji uliyonayo mwezi wa nane, na miti ipandwe kwanza kabla ya vyote. Sasa sababu.

Maji ya kiangazi

Majani ndiyo yanayoumbua watu hapa. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua ya Dar ni ya kubahatisha, na bustani ya majani kwenye jua kamili inanywa milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku ili ibaki kijani. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa mita 100, basi, unazungumzia lita 400 hadi 500 kila siku, nusu ya tangi la lita 1,000. Kwa mwezi ni uniti 12 hadi 15 za maji ya bomba (uniti moja ni lita 1,000), juu ya yale ya kupikia, kuoga na kufua. Kama mtaa wenu maji ni ya mgao, zidisha na bei ya boza uone.

Ukiacha kumwagilia, ukoka haufi. Unakauka, unakuwa rangi ya mkeka, na mvua za vuli zikirudi unachipua. Anayeweza kuvumilia miezi mitatu ya uwanja wa kahawia, majani bado ni chaguo zuri kwake. Asiyeweza ajue analipia rangi.

Mche wa mwembe au mlimao, kwa upande mwingine, unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza, mradi shina limezungushiwa matandazo ya majani makavu. Miche mitano ni lita 200 kwa wiki, haizidi nusu ya kile majani yanachokunywa kwa siku moja. Mwembe au mwarobaini ukishapita kiangazi cha pili, mwingi haukuombi tena kitu. Matandazo yasigusane na ukuta wa nyumba, kwani mchwa hupenda njia ya mkato.

Pevingi hazinywi maji, ni kweli. Ila watu huziosha kwa mpira kila Jumamosi, na hilo halimo kwenye hesabu ya fundi.

Masika

Hapa mambo yanageuka. Mvua ya milimita 50, ambayo Aprili inaweza kunyesha kwa siku moja, inashusha lita 5,000 juu ya mita zetu 100. Udongo wa kichanga wa Kigamboni au Bunju wenye majani unameza sehemu kubwa. Pevingi humeza kidogo sana kupitia nafasi za katikati, na mchanga wa nafasi hizo ukishaziba kwa tope humeza kidogo zaidi. Yanayobaki lazima yaende mahali. Kwenye miteremko ya Goba na Kimara mahali penyewe ni kwa jirani wa chini, na ugomvi mwingi wa majirani unaofika kwa mjumbe huanzia kwenye tundu la ukutani la kutolea maji.

Kwa hiyo ukiweka pevingi, mwulize fundi mambo mawili kabla ya rangi na maumbo. La kwanza ni mwinamo: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na msingi wa nyumba. La pili ni kilicho chini: udongo umeshindiliwa kwa mashine au kwa miguu? Mchanga wa kulalia uwe sentimita 3 hadi 5 tu, juu ya tabaka gumu la kifusi safi au moramu (udongo wa changarawe). Fundi anayemwaga mchanga sentimita 15 ili kufidia mashimo anakutengenezea mifereji miwili. Baada ya mwaka utaiona pale matairi yanapopita: pevingi zimezama, maji yametuama, na ukikanyaga ukingoni moja inacheza na kurusha tope kwenye suruali.

Udongo wa kufagia nao una deni lake kwa mvua. Kila kufagia kunalegeza unga wa juu, kila mvua inauchukua, na baada ya miaka kadhaa unaona msingi wa nyumba umechungulia kwa kimo cha tofali nzima. Wazee walikuwa wananyunyiza maji kidogo kwa mkono kabla ya kufagia, na walikuwa hawafagii chini ya michirizi ya bati. Hapo waliweka mawe. Leo tunaweka gata na tangi, na inalipa: paa la mita za mraba 130 kwa mvua ileile ya milimita 50 linapokea lita 6,500. Maji ya kumwagilia miche yako yanapita juu ya kichwa chako, unayapeleka kwa jirani.

Joto, ambalo fundi hakulitaja

Jua la Dar halishiki njia moja mwaka mzima. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini wa paa, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba linasimama karibu wima utosini. Lakini saa kumi jioni liko magharibi, Januari mpaka Desemba. Ukuta wa magharibi ndio unaopika chumba. Tofali linakunywa jua la alasiri yote na kuanza kulirudisha ndani saa mbili usiku, wakati wewe unatafuta usingizi.

Ukitandaza pevingi mbele ya ukuta huo, umeongeza tofali nyingine zilizolala zinazofanya kazi ileile. Vua viatu saa nane mchana wa Februari utembee juu yake. Watoto hawatembei, wanarukaruka. Majani hayafiki joto hilo kwa sababu yanatoa jasho lao, ila hayampi mtu kivuli. Mti peke yake ndio unaofanya yote mawili.

Kwa hiyo mti mmoja mkubwa unaopandwa upande wa magharibi una faida kuliko mitano iliyopangwa getini kwa ajili ya picha. Uwe mbali kidogo: mwembe huhitaji mita 8 hadi 10 kutoka mwembe mwenzake, na kutoka kwenye nyumba, chemba na shimo la maji machafu nisingeshuka chini ya mita 5 au 6. Kiwanja hakitoshi? Panda mlimao, mkomamanga au mstafeli, ambao utakubali mita 3 na kupogolewa.

Kuna miti ninayoiogopa karibu na pevingi na kuta. Mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, unapendeza kupita maelezo ukiwaka mwekundu Novemba na Desemba, lakini mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua kila kilichotandazwa. Fikasi ndiyo hatari zaidi. Inauzwa ikiwa imekatwa duara nzuri kwenye kopo, na ikishakaa ardhini inatafuta maji, na maji ya karibu ni bomba lako. Mkungu una kivuli kizuri sana, ila majani yake makubwa hugeuka mekundu na kuanguka kwa mkupuo, kwa hiyo uwe na mtu wa kufagia. Ule mti mwingine wa Madagaska wenye matawi ya tabaka tabaka, ambao vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo vinauuza sana, ni wa wastani: kivuli chepesi, vijani vidogo, gari linaweza kulala chini yake. Mwarobaini haujali udongo wala kiangazi, na ndiyo maana uko kila mahali.

Halafu kuna upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi tunayokaangika. Ile miti mirefu myembamba ya mashoki inayopangwa bega kwa bega kando ya ukuta inaziba macho ya watu wa barabarani. Ukiipanga upande wa kaskazini-mashariki inaziba na kaskazi. Nimeona nyumba zenye viyoyozi vitatu nyuma ya ukuta wa mashoki ulioziba upepo wa bure. Iweke upande wa barabara, au acha nafasi kati ya mti na mti.

Kazi ya mikono

Watu husema pevingi hazina kazi. Kazi yake ni ndogo, haikosekani. Adui yake ni yuleyule wa majani: ndago. Ling'oe ndago moja polepole uone. Kile kishina chembamba chenye kingo tatu kinashuka kwenye uzi mweupe, na mwisho wa uzi kuna kiazi cheusi kidogo kama harage. Ukivuta kwa hasira uzi unakatika, kiazi kinabaki, na wiki haijaisha kimeshachipua. Ndago inapenya kati ya pevingi bila shida yoyote, na kwenye majani inaingia na udongo wa vile vipande vya majani ulivyonunua. Chunguza mzigo kabla haujashushwa. Vikiwa na ndago, rudisha gari.

Majani yanataka kukatwa kila wiki mbili wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi au pungufu wakati wa kiangazi. Kama huna mashine unategemea kijana wa fyekeo, na fyekeo haliachi uwanja sawa. Miti inataka kufagiliwa na kupogolewa. Udongo wa kufagia unataka dakika ishirini kila asubuhi, milele, na katika nyumba nyingi dakika hizo ni za mama au za binti wa kazi, si za mwenye kutoa uamuzi. Hilo lizungumzwe mezani.

Mbu tusiwasahau. Dengi ilipolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, mbu wake hakutoka mtaroni; anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwenye visahani vya chini ya makopo ya maua, tairi kuukuu na chupa zilizotupwa nyuma ya mti. Majani yakiwa mafupi na miti ikiwa safi chini hazimzalishi. Makopo ya maua yenye visahani yanamzalisha vizuri sana. Nyoka pia, swali ambalo kila bibi huuliza, hufuata vichaka, mawe yaliyorundikwa na panya. Mti uliofagiliwa chini si kichaka.

Turubai litakaa wapi?

Michoro ya bustani inayotoka nje ya nchi haina swali hili. Nyumba ya Dar itakuwa na msiba, kitchen party, kipaimara au maulidi, na siku hiyo uwanja unapaswa kubeba turubai, viti vya kukodi na masufuria matatu juu ya mafiga. Pevingi zinabeba viti vizuri, ila vigingi vya turubai havipigiki. Itabidi kamba zake zifungwe kwenye mifuko ya mchanga. Majani yanabeba turubai na viti, na yatapona kukanyagwa, lakini pale mafiga yalipokaa patabaki duara jeusi kwa miezi. Uwanja wenye miti sita midogo iliyotawanywa katikati haubebi chochote. Panga miti pembeni, katikati pabaki wazi. Udongo wa kufagia unabeba kila kitu, na ndiyo sababu uliishi muda mrefu hivyo.

Na kamba ya nguo? Hiyo nayo huwa haimo kwenye mchoro, kisha inafungwa kati ya nguzo ya geti na mkomamanga.

Mboga

Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne, matembele ukishachomeka vipando hayakuachi, bamia inataka miezi miwili hivi. Zote zinahitaji jua kwa muda wa saa sita kila siku, kwa hiyo tuta la mboga na mwembe havikai pamoja. Lipe upande wa mashariki, karibu na jiko ili maji ya kuoshea mchele yamwagwe hapo. Mita 10 za mraba zinatosha kuonekana kwenye bajeti ya genge. Usianze na zaidi ya hapo.

Udongo wako hauko sawa na wa rafiki yako

Kigamboni na maeneo ya karibu na bahari, visima vingi vina chumvi. Mlimao na mchungwa vitakuchoka mapema. Mnazi hauna tatizo, mvinje pia: machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa, yalianza kugeuzwa msitu mwaka 1971 kwa mivinje iliyopandwa juu ya mwamba wa matumbawe. Kwa majani, chagua paspalamu ya pwani, inayostahimili maji ya chumvi kuliko ukoka. Penye kivuli, majani mapana yanayoitwa ya Pemba yanavumilia. Ukoka utakonda na kuacha vipara.

Mwenye mteremko Goba asianze na kitu chochote kati ya hivi. Aanze na makinga maji na ngazi za mawe, apande majani ya vetiva kwenye kingo, kisha ndiyo afikirie urembo. Mwenye kiwanja Arusha au Mbeya asome sehemu ya majani kwa matumaini zaidi: kule kuna baridi, majani ya Kikuyu hutambaa yenyewe, na uwanja wa kijani si anasa kama wa Dar.

Ningeugawa hivi

Kwa zile mita 100: mita 40 pevingi, zikiwa maegesho ya mita 6 kwa 6 na kinjia cha kwenda mlangoni. Gari likitolewa nje, hapo ndipo turubai linapokaa. Mita 20 za majani mbele ya baraza, kwa ajili ya macho na watoto. Mita 25 chini ya mti mkubwa wa magharibi zibaki udongo wa kufagia, au kokoto ndogo kama hutaki vumbi, na mabenchi mawili ya saruji. Mita 15 zilizobaki, kando ya ukuta wa mashariki, mboga, mchaichai, mrehani na asumini mmoja karibu na dirisha.

Pevingi za mstatili za sentimita 20 kwa 10 huenda 50 kwa mita ya mraba. Kwa uwanja mzima ungenunua 5,000. Kwa mgawanyo huu 2,000. Unene uwe milimita 60 panapopita gari dogo, 80 kama maroli yataingia. Majani yatakunywa lita 100 kwa siku badala ya 500. Siku ya mvua ya milimita 50, pevingi zitamwaga lita 2,000 badala ya 5,000, na hizo unaweza kuzielekeza kwenye shina la mti. Ukiwa na mti ndani ya pevingi, acha duara wazi la mita moja kila upande wa shina, hata fundi akisema linaharibu mstari.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko mchoro. Kaa masika moja na uwanja mtupu uone maji yanatuama wapi na yanatokea wapi. Chora kwenye karatasi ya hesabu, mraba mmoja mita moja, uweke geti, chemba, bomba, jua la saa kumi. Mashimo ya miti yachimbwe Februari, sentimita 60 kila upande, yajazwe udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, miche iingie mvua za kwanza za Machi. Pevingi zisubiri Julai, ardhi ikiwa ngumu na mafundi wakiwa hawakimbizani na mvua. Pesa zikikatika katikati, miti itakuwa inaendelea kukua bila wewe.

Mpangaji hana haja ya kupigana na mwenye nyumba kuhusu pevingi. Ndoo za plastiki za lita 20 zilizotobolewa chini zinabeba nyanya, pilipili na mchaichai. Gunia la mkaa lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa pembeni, linabeba matembele ya kulisha nyumba ya watu wanne mara kadhaa kwa wiki. Vikalishwe juu ya vipande vya tofali, bila visahani, maji yapite. Siku ya kuhama vinapanda kwenye guta la mwisho, baada ya kitanda.